Boriti, Nguzo na Kuba: Uhakiki wa Usanifu wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Mjadala kuhusu Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umetawaliwa kwa muda mrefu na swali la asili. Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1950 na 1960, aliupa uzito mkubwa mchango wa wageni kutoka ng'ambo. Wahakiki waliomfuata wamesisitiza uenyeji wa Waswahili. Uhakiki huu unashikilia kwamba pande zote mbili zimeuliza jengo limetoka wapi kabla ya kuuliza limefanya nini. Msikiti huu una awamu, na kila awamu ni jibu la fundi kwa tatizo lililoachwa na mtangulizi wake.

Tatizo la kwanza ni urefu wa mti. Ukumbi wa kaskazini, ulio mkongwe zaidi, ulikuwa na dari bapa ya matumbawe na chokaa iliyobebwa na miti juu ya nguzo 9 zilizopangwa katika safu 3. Boriti ya mkoko haivuki salama nafasi inayozidi sana mita 3. Kwa hiyo ukumbi mpana hauna budi kuwa na nguzo nyingi. Safu ya kati imeelekea mihrabu, hata mwenye kusimama nyuma yake anakabiliana na nguzo. Kuliita jambo hili kosa ni kupima msikiti kwa kipimo cha ukumbi wa maonyesho. Sala ya jamaa huhitaji safu zilizonyooka na sauti ya imamu. Haihitaji kila mtu auone mihrabu.

Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, aliupanua msikiti kuelekea kusini. Nguzo za upanuzi huo zilichongwa kutoka matumbawe, kila moja jiwe zima. Zilikuwa za fahari, lakini hazikudumu. Waliojenga upya katika karne ya 15 waliweka nguzo nene za pembe nane, za mawe yaliyoungwa kwa chokaa, wakaziezeka kwa kuba na kwa mapaa yaliyopinda mfano wa pipa lililolazwa.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja. Kuba haihitaji boriti, ilhali nafasi kati ya nguzo zilibaki finyu. Kipimo kilichozaliwa na mti kiliendelea kuongoza mkono wa fundi hata mti ulipoachwa. Inawezekana kwamba ujuzi wa kuba ulivuka bahari; uamuzi wa kuutia ndani ya kipimo kilichozoeleka ulifanyika Kilwa. Hoja hii haithibitishi nasaba ya mafundi, wala haidai hivyo. Inaonyesha tu kwamba nasaba si ufunguo wa pekee wa jengo.

Matokeo yake yanagusa uhifadhi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yalihesabiwa miongoni mwa yaliyo hatarini. Ukarabati unaoziba mishono kati ya awamu huimarisha kuta, lakini hufuta ushahidi wa kuanguka na kusimama tena. Mshono huo unastahili kuhifadhiwa sawasawa na kuba.