Fuso ya Kihurio iliuawa gereji, si mlimani

Mliopita gereji pale Kihurio wiki injini ya Fuso ile ilipofunguliwa mliiona pistoni yenyewe. Ilikuwa imelazwa juu ya kiroba pamoja na nyingine tano, kichwa chake kimeliwa upande wa ekzosi hadi kwenye ringi ya kwanza, aluminiamu imetiririka na kuganda kama nta ya mshumaa. Wapo waliosema mlima wa Mamba ndio umeiua. Wengine wakasingizia mzigo. Mlima ule unapandwa kila msimu na magari machovu kuliko hilo, yanapeleka saruji na mabati juu, yanashusha tangawizi, na yanarudi salama. Injini yake, 6D14, iliuawa siku ilipofungwa tabo isiyo yake na waya wa muhuri wa pampu ya dizeli ukakatwa.

Mengine gereji iliyafanya vizuri: klachi ilikuwa mpya, breki zimekazwa vizuri, springi za nyuma zimeongezwa jani. Kazi nzuri, nampa fundi haki yake.

Tuje kwenye tabo. 6D14 ya kawaida ina sentimita za ujazo 6,557: silinda sita, kipenyo milimita 110, mwendo wa pistoni milimita 115. Mitsubishi walitoa pia 6D14 yenye tabo, na hapo ndipo watu wetu wanapotea. Wanaona jina moja, wanadhani kinachozitofautisha ni lile konokono lililoning'inia kwenye manifoldi. Injini inayotoka kiwandani na tabo kwa kawaida huwa na pistoni zake, kompresheni iliyopangwa kwa ajili ya upepo wa kusukumwa, na oili inayorushwa kutoka chini kupoza tumbo la pistoni. Pampu yake ya dizeli nayo huwa na kifaa kinachoizuia kumwaga dizeli yote mpaka upepo wa tabo uwe umefika. Kwenye Fuso hii hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobadilishwa. Lilifungwa konokono la mtumba, likachomelewa bomba, gari likatolewa.

Hata hapo injini ingeweza kuishi, kama pampu ingeachwa ilivyo. Tabo bila dizeli ya ziada inaongeza hewa, moshi unapungua, basi. Lakini gari liliporudi kutoka safari ya kwanza mwenye nalo akasema haoni tofauti, na bisibisi ikatolewa. Kwenye pampu ile kuna skrubu inayoweka kikomo cha dizeli injini inapokuwa imebeba mzigo wote. Hufungwa kwa waya na kipande cha risasi, na hufungwa kwa sababu. Waya ukakatwa kwa koleo palepale, gari likiwa limesimama, injini inanguruma bila mzigo. Hakuna benchi ya kupimia, hakuna geji ya joto la ekzosi. Skrubu ikazungushwa, sikio likasikiliza, ikazungushwa tena.

Sikio halipimi joto. Kilo moja ya dizeli inahitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na injini ya dizeli inataka hewa zaidi ya hapo ili isijichome. Dereva anapoanza kona za Mamba kwa gia ya pili, mzunguko ukiwa chini, tabo haijaamka bado. Dizeli inamwagika, hewa haitoshi, ndiyo ule moshi mweusi ambao vijana waliushangilia wakisema sasa gari linavuta. Tabo ikishaamka, hewa inakuja, lakini inakuja moto. Kwa joto la Kihurio la nyuzi 35, hewa ikikandamizwa hadi mara mbili ya kawaida inaweza kuzidi nyuzi 120, na kifaa cha kuipoza hakikuwapo. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ile ya pistoni, iliyochanganywa na madini mengine, inaanza kulegea kabla ya hapo. Dereva alikuwa akiangalia geji ya maji, nayo ilisimama katikati muda wote. Geji hiyo haijui chochote kuhusu kichwa cha pistoni.

  

Wazee walipandishaje milima bila tabo? Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 na njia ya kusini ya Zambia ikaingia mashakani, mafuta na shaba vilihamia kwenye barabara ya Dar es Salaam, wakati huo vumbi na matope. Kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, iliyoundwa 1966, iliingiza Fiat. Ile 682 N3 ilikuwa na lita 10.7, haina tabo, nguvu haifiki farasi 200, na ilivuta trela kupanda mlima wa Kitonga kwenye barabara hiyo. Ilipanda kwa gia. Dereva alishusha gia kabla mlima haujamdai, akaenda polepole, akafika. Hakuna aliyeilaumu Fiat kwa kutokimbia.

Gia ndiyo Fuso hii ilikosa. Ukitoa difu ya 5.7 ukaweka ya 6.5, nguvu kwenye tairi inaongezeka kwa asilimia 14 na injini haiguswi. Utapoteza mwendo: palipokuwa kilomita 80 kwa saa patakuwa 70. Kwa lori linaloshinda kati ya Ndungu, Kihurio na milimani, hiyo 80 ilikuwa ya kazi gani? Kabla hata ya difu, nozeli zipimwe, tapeti zirudishwe kwenye milimita 0.4, airklina iwekwe mpya na ivute hewa ya nje badala ya ile iliyopashwa na injini. Mara nyingi nguvu inayodaiwa imepotea humo.

Nasikia sasa pistoni mpya zimeagizwa na tabo itarudishwa, safari hii skrubu "ipunguzwe kidogo". Hapana. Konokono litolewe, manifoldi ya zamani irudi. Laina ya namba tano, ilimotoka pistoni ile iliyoyeyuka, ibadilishwe, konrodi yake ikaguliwe kama imepinda. Pampu ishushwe yote ipelekwe kwenye benchi Moshi, ipimwe silinda kwa silinda, na atakayeipima ndiye afunge waya na risasi mpya.