Imoji ya Moto Haitoshi

Mtu akikutumia wimbo wa dakika 19, nawe ukamjibu kwa imoji ya moto baada ya dakika mbili, nyote wawili mnajua kilichotokea. Hujasikiliza, na yeye anajua hujasikiliza. Atakuandikia "shukrani mazee" na maisha yataendelea. Kwa muziki mwingi hilo si jambo la kufanyia kesi. Kwa metali ya dumu inayotengenezwa na mtu mmoja, mimi nasema ni kesi. Ushahidi wangu ni albamu ambayo nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba: Cairn, ya Mizmor.

Tuanze na jina. Wenye muziki wao huandika doom, yaani maangamizi. Mimi naandika dumu, kwa sababu sikio la Kiswahili linasikia kitu kingine humo: kudumu. Na huu ni muziki wa kudumu kweli, wa pole pole hadi mtu asiyeuzoea anadhani simu yake imekwama. Mizizi yake iko Birmingham, Uingereza. Huko Tony Iommi, akiwa na miaka 17, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akarudi kwa gitaa. Black Sabbath walitoa albamu yao ya kwanza Februari 1970. Kufikia Master of Reality, mwaka uliofuata, Iommi alikuwa amelegeza nyuzi ili zisimsumbue vidole, na gitaa likashuka hadi likawa linanguruma. Kwa hivyo ile sauti ambayo wachungaji wengi wangeiita ya shetani ilitokana na ajali ya kazini. Kila kijana wa Industrial Area anaweza kuielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Mizmor ni mtu mmoja wa Portland, Marekani, anayejiita A.L.N. Gitaa ni yeye, besi ni yeye, ngoma ni yeye, na anayepiga mayowe pia ni yeye. Alianza mradi huu 2012, wakati imani yake ya Kikristo ilikuwa inamponyoka. Jina lenyewe ni Kiebrania, maana yake zaburi, na shina lake ndilo lililoko ndani ya neno letu zumari, ile ya ngoma za Pwani, ambalo lilitufikia kupitia Kiarabu. Yaani jamaa aliyeacha kanisa aliamua kujiita Zaburi. Ukiwa umelelewa kwa shule ya Jumapili, kisha siku moja ukagundua unaimba tu kwa sababu mama anakuangalia, jina hilo linakuingia kabla hujabonyeza kitufe cha kucheza.

Cairn ilitoka 2019. Ina nyimbo nne na inakaribia saa nzima. Neno cairn ni rundo la mawe ambalo wasafiri hupanga njiani, aidha kuonyesha njia au kumkumbuka aliyefia hapo. Angalia majina ya nyimbo kwa mpangilio wake: Desert of Absurdity, Cairn to God, Cairn to Suicide, The Narrowing Way. Uko jangwani na hakuna maana. Unampangia Mungu rundo la mawe, unapita. Unaipangia hamu ya kujiua rundo la mawe, unapita. Kinachobaki ni njia inayozidi kuwa nyembamba, na lazima uitembee. Hapo Albert Camus anasikika wazi, yule wa The Myth of Sisyphus, aliyekataa jibu la kuruka kwenda kwa Mungu na pia lile la kujimaliza. Lakini sikia pia Mathayo, mlango wa saba, ukichungulia kwenye lile jina la mwisho. Mtu anaweza kuhama kanisa akabaki na msamiati wake.

Nilimsoma Camus mwaka wa pili wa chuo, muhula ambao ndio ulikuwa wangu wa mwisho. Mhadhiri alitupa hoja zake kwa vidokezo vitano ubaoni. Cairn inafanya kitu ambacho ubao haukuweza: inakulazimisha ukae ndani ya hoja. Gitaa linapigwa mara moja, kisha unangoja. Unangoja tena. Ngoma inaanguka pale ambapo ulikuwa umeshakata tamaa kuwa itaanguka. Halafu bila onyo mambo yanakimbia, metali nyeusi ya kasi kama maji yaliyovunja bwawa, kisha yanarudi kwa ule mwendo wa jeneza. Huwezi kuruka sehemu ukaelewa. Ile kasi haina nguvu yoyote kama hukuteseka na polepole iliyoitangulia.

Sasa niseme kinachonikera. Maneno ya A.L.N. yana tabia ya kuwa insha. Kuna ukweli, kuna utupu, kuna upuuzi wa kuwepo, lakini hakuna mtu aliye na jina, hakuna meza, hakuna sufuria. Na Cairn to God, kwa sikio langu, inazunguka muda mrefu kuliko hoja yake inavyohitaji. Ningeikata robo nzima.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria msikilizaji. Kwenye bendi ya watu wanne, kuna mtu wa kumwambia mwenzake, "buda, hapo kata." Mpiga ngoma huchoka. Mwenye besi hununa. Wimbo hupunguzwa uzito na ugomvi, na mara nyingi huwa bora kwa sababu hiyo. Mtu mmoja hana wa kununa. Kila kifaa kinakubaliana na kingine kwa kuwa mikono ni ileile. Kwa hivyo mwanabendi anayekosekana ni wewe unayesikiliza. Ukikosa kusikiliza, bendi haijakamilika.

A.L.N. mwenyewe anaonekana kulijua hili. Mji wa Salem, hapo hapo Oregon, kuna mpweke mwingine, M.S.W., mwenye mradi wa dumu unaoitwa Hell. Naye hurekodi peke yake. Lakini jukwaani mtu mmoja hana mikono minne, na hawa wawili wamekuwa wakiazimana miili: A.L.N. amekaa nyuma ya ngoma za Hell, na M.S.W. amesimama kwenye kikosi cha Mizmor. Kila mmoja amebeba huzuni ya mwenzake kama mnavyosaidiana kubeba kabati siku ya kuhama keja.

Watu wa chini ya ardhi walikuwa na utaratibu huu kabla ya intaneti. Miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, metali ilisambaa kwa kaseti kupitia posta. Unarekodi demo, unaweka kwa bahasha pamoja na barua, unalipia stempu, unangoja wiki kadhaa. Thergothon wa Finland, kati ya waliolianzisha tawi la dumu ya mazishi, walitoa demo yao 1991 katika ulimwengu huo. Albamu yao pekee, Stream from the Heavens, ilitoka 1994 bendi ikiwa imeshavunjika, lakini watu waliendelea kuipitisha mkono kwa mkono. Kaseti ilikuwa na faida moja: kuruka mbele ilikuwa kazi. Na kwa kuwa stempu ni pesa, hukutuma barua yenye neno moja. Ulieleza umesikia nini.

Sisi tuna Bandcamp, tuna Telegram, tuna bando ya saa moja. Na Afrika Mashariki si wageni kwa kelele hizi. Kampala kuna Vale of Amonition, wanaopiga dumu kabisa. Duma wa Nairobi walitoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya huko huko Kampala, na 2024 Lord Spikeheart, sauti ya Duma, akatoa The Adept kwa jina lake mwenyewe. Hiyo si dumu, ni kasi na vyuma, lakini iliwaonyesha wengi kwamba mayowe ya huku yanaweza kusikika mbali. Shida yetu imehama. Kutuma si kazi tena. Kazi ni kusikiliza.

Kuna jamaa wa Thika ambaye sijawahi kukutana naye. Tulijuana kwa sababu ya Mizmor. Mwaka jana alinitumia wimbo wake, huo wa dakika 19. Gitaa la kuazima, ngoma za kupanga kwa kompyuta, sauti ya chini kwa sababu ukuta wa bedsita ni mwembamba na jirani ana mtoto. Dakika kumi za kwanza ni Mizmor wa kuiga, nisidanganye. Lakini dakika ya 11 ngoma zinanyamaza, gitaa linabaki likivuma peke yake, na anaanza kutaja kwa Kiswahili, bila kupiga kelele, vitu alivyovikuta chumbani kwa baba yake baada ya mazishi. Jembe. Koti moja. Redio isiyo na betri. Risiti za shule zimefungwa kwa mpira. Pale A.L.N. ana jangwa na Mungu, huyu ana risiti. Nikaskia kitu ambacho Cairn, kwa ukubwa wake wote, haina.

Nilimwandikia ujumbe mrefu. Nilimwambia dakika kumi za mwanzo zipunguzwe ziwe sita, ngoma za kompyuta zinasikika kama mtu anagonga mlango wa mabati, na hiyo dakika ya 11 asiiguse hata kidogo. Alikaa siku mbili kimya. Kisha akajibu: "Wewe ndio wa kwanza kutaja risiti." Alikuwa ameutuma kwa makundi matatu. Imoji za moto alikuwa nazo karibu arobaini.

Arobaini, na hakuna hata mmoja aliyefika kwa baba yake.

Ndiyo maana nasema ni kesi. Mtu anayejifungia usiku kutengeneza kitu kizito na kirefu hivi hatafuti umaarufu. Dumu haina umaarufu wa kugawa. Anauliza kama kuna mtu. Ukimwambia "noma sana" bila kusikiliza, umemjibu kwamba hakuna, tena kwa lugha tamu. Afadhali umwambie, "Nimefika dakika ya nane, nikachoka, sababu ni hii." Hapo anajua mlango umefunguliwa na mtu aliye macho.

Basi ukitumiwa, ngoja uwe na muda. Sikiliza usiku, au ndani ya matatu kwa jam ya Thika Road ambapo hata hivyo huendi popote. Fika mwisho. Kisha andika sentensi moja ambayo mtu asiyesikiliza hawezi kuiandika. Na kama alichosema kwenye wimbo kinakutisha, usimwachie imoji. Mpigie simu.