Ufundi wa Kuvuka Chalbi

Kutembea jangwani ni ufundi, na kama ufundi mwingine wowote una mabingwa wake na wazembe wake. Nilimtazama bingwa mmoja kutwa nzima, mzee wa Kigabra aliyetuongoza kuelekea Kalacha, katika Kaunti ya Marsabit. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kwamba kuvuka jangwa la Chalbi ni suala la miguu na maji ya kutosha.

Chalbi lilikuwa ziwa zamani za kale. Sasa chumvi imeganda juu ya udongo, nyeupe ya kuumiza macho. Mvua kubwa ikinyesha, maji hurudi kwa muda yakalidai bonde lao. Siku nyingine zote ni upepo na mazigazi. Tuliondoka kabla ya alfajiri, mzee mbele, akala za tairi miguuni, fimbo begani. Alikwenda mwendo wa ngamia. Jua lilipopanda hakupunguza, na palipotokea upepo wa kutusukuma mgongoni hakuongeza. Maji aliyanywa kwa saa zake mwenyewe, funda moja moja, akilishikilia kinywani kabla ya kulimeza. Pembezoni mwa chumvi aliinama, akaokota kinyesi cha ngamia, akakivunja kwa vidole na kukitazama ndani. Akasema wenye mifugo hawako mbali, na kwamba wanyama wao wamenyweshwa karibuni. Akanyoosha fimbo kuelekea upande ambao mimi sikuona chochote isipokuwa mwanga unaochezacheza.

Walikuwa huko kweli. Alasiri tuliziona nyumba zao, zile za fito na mikeka zinazofunguliwa na kupakiwa mgongoni mwa ngamia familia inapohama. Hapo ndipo nilipouona umahiri wake hasa. Hakwenda moja kwa moja mlangoni. Alisimama mbali, mahali anapoweza kuonekana vizuri, akakohoa, akangoja. Alipotokea mama mmoja, walianza kusalimiana, na salamu zile hazikukatwa: amani ya watu, ya watoto, ya ngamia, ya mbuzi, hali ya malisho, hali ya maji huko tulikotoka. Midomo yetu ilikuwa imepasuka kwa kiu, lakini mzee hakuomba kitu. Mgeni anayejua kufika haombi.

Na mwenyeji anayejua kupokea hangoji kuombwa. Mama yule aliingia ndani, akatoka na chombo cha maziwa, kile kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi, zikabanwa sana hata tone lisipenye. Nilikitazama kwa karibu aliponikabidhi. Misuko ilikuwa myembamba, safu juu ya safu, imekolea weusi kwa moshi na mafuta ya miaka. Ukanda wa ngozi wa kukining'inizia ulikuwa umeshonwa upya mahali ulipokatika. Vyombo hivi hufukizwa kwa vijinga vya miti maalumu ili maziwa yasiharibike upesi katika joto lile. Maziwa ya ngamia yaliyolala humo yana ladha ya moshi, na chumvi kidogo kwa mbali. Tulikunywa kwa zamu. Mzee alikunywa wa mwisho, akabakiza kiasi, akamrudishia mama, naye akawapa watoto waliokuwa wamesimama nyuma ya gauni lake. Kumbe maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yao ya siku nzima. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa ameniuliza jina langu, wala kabila, wala ninakokwenda.

Wasafiri hupenda kuuita ukarimu wa namna hii bahati, kana kwamba ni mvua iliyowaangukia. Haukuwa bahati. Mama yule alifundishwa na mama yake, kama alivyofundishwa kusuka. Wagabra husema maskini mmoja ni aibu ya wote, na hawakuishia kusema: wana desturi ya kumwazima aliyepungukiwa ngamia wa maziwa, akamkama na kulisha watoto wake, huku ngamia na uzao wake wakibaki mali ya mwenyewe. Ufukara unazuiliwa kabla haujafika mlangoni. Mahali ambapo binadamu mmoja peke yake hawezi kuishi, watu walikaa chini wakabuni namna ya kuishi pamoja, wakaifanya kazi ya kila siku.

Sasa kazi hiyo inakosa mikono. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale imeleta hospitali karibu na bei nafuu dukani, na hilo ni jema. Lakini mtu akiwa ndani ya gari hahitaji kujua kukohoa kwa mbali. Anapita amefunga vioo, anawaachia wenyeji vumbi na chupa tupu za plastiki, halafu anafika mjini anasimulia kwamba kule hakuna watu. Kisha ukaja ukame, misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosa kunyesha kuanzia mwishoni mwa 2020. Mifugo ilianguka kando ya njia. Ngamia walistahimili kuliko ng'ombe, lakini nao hawakunusurika wote. Mtu aliyezaliwa kupokea wageni akakaa kungoja mgao wa chakula, na chombo kizuri kikaning'inia kikavu. Vijana wanaokwenda Marsabit mjini kutafuta vibarua hawajifunzi kusoma kinyesi cha ngamia, na wazee wanaojua hawatuongozi milele.

Ukipita kaskazini utawaona kandokando ya barabara wanawake na watoto wameinua jerikeni tupu ili dereva azione. Simamisha gari. Shuka, salimia salamu nzima, kisha mimina maji uliyo nayo kabla hawajakuomba.