"Onyo la Usalama": Maoni juu ya Tafsiri Moja

Tafsiri tuliyoombwa kuipitia ni ya mstari mmoja tu: "Onyo la usalama: ujumbe huu una umbizo lililofichwa." Imekusudiwa ionekane juu ya barua pepe za kikazi. Neno mojamoja halina kosa. Kosa limo katika sentensi nzima, wala si dogo.

Tuanze na kinachotendeka. Karani hunakili jedwali la bei kutoka waraka wa zamani na kulibandika katika barua pepe. Pamoja na maneno huja maagizo asiyoyaona: aina ya herufi, rangi, ukubwa, na viungo. Akiifuta anwani ya tovuti inayosomeka na kuandika nyingine juu yake, kiungo kilicho chini huweza kubaki kilekile. Programu ya mpokeaji ikizilinganisha anwani hizo mbili na kukuta hazifanani, huweza kumtahadharisha, kwani ndivyo wafanyavyo matapeli. Tena mwaka 2018 ulifichuliwa ujanja wa kupachika maneno yenye herufi za ukubwa wa sifuri ili kuzihadaa programu zinazochuja barua. Mashine haijui nia ya mtu. Huziona dalili tu.

Sasa, "lililofichwa" ni kauli ya kutendwa: yuko aliyeficha. Karani wetu hakuficha kitu. Kiswahili kinayo kauli ya kutendeka, "lililofichika", isiyomshtaki mtu. Hata "lisiloonekana" lingetosha.

"Onyo" nalo lina uzito wake maofisini. Mtumishi hupewa onyo baada ya kukosa, tena kwa maandishi, na nakala huwekwa katika jalada lake. Likiungana na "usalama", neno ambalo Tanzania huwakumbusha wengi idara isiyofanyiwa mzaha, msomaji hudhani ameandikiwa na wakubwa. Ofisi moja tunayoifahamu iliiacha barua ya bei bila kuifungua kwa sababu hiyo, na mwenye bidhaa akaikosa zabuni kwa kosa la kunakili. "Tahadhari" humtaka msomaji aangalie mbele, ndiyo tunayoipendelea.

Hatusemi ujumbe ulainishwe hata upuuzwe, maana hatari ya kweli ipo. Kwa kisa cha kiungo tungeandika: "Tahadhari: anwani inayosomeka hapa siyo ile ambako kiungo kinaelekea. Muulize mwandishi kabla ya kukifungua." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na watengenezaji wa programu watalalamikia nafasi. Na walalamike.