Nyumba ya Mwaloni na Udongo

Mwaka 1839 Walutheri wa Pomerania walioikataa amri ya mfalme wa Prussia ya kuunganisha makanisa walifika Wisconsin, Marekani, wakaanzisha kijiji cha Freistadt. Wengine waliwafuata, familia baada ya familia. Mkulima mgeni alilala kwanza katika kibanda cha magogo, akifyeka msitu apate pa kulima. Nyumba yenyewe ilimngoja seremala.

Seremala huuchonga mwaloni ungali mbichi, maana ukikauka huwa mgumu kupindukia. Juu ya gogo hunyoosha uzi uliopakwa rangi, huuvuta, huuachia, mstari umepatikana. Hukata mapengo hadi kwenye mstari, kisha hushika shoka pana na kubandua vipande, mpaka gogo la duara liwe boriti ya pembe nne.

Halafu viungo. Boriti hii huchongwa ulimi, ile hutobolewa kwa keekee na kusawazishwa kwa patasi mpaka tundu liupokee ulimi huo na si mwingine. Ili visichanganyike, huchora namba za Kirumi pande zote mbili.

Kinachonistaajabisha zaidi ni misumari yake ya mti. Tundu la msumari katika ulimi hulisogeza kidogo kuelekea bega la boriti, pale ulimi unapoanzia, lisilingane na lile la boriti inayoupokea. Msumari ukipigwa, hulazimika kupinda kidogo, na kwa kupinda huko huuvuta ulimi ndani hadi bega liguse boriti ya pili. Msumari ni mwaloni mkavu, boriti ni mbichi. Boriti inavyozidi kukauka na kunywea, ndivyo inavyoukaza msumari. Fundi amepiga hesabu ya miaka ambayo mti haujaiishi bado.

Siku ya kusimamisha fremu, majirani huja kuinua. Baada ya hapo kazi hurudi kuwa ya polepole. Wengine hujaza matofali kati ya nguzo; wengine huzungushia fito mabua yaliyolowa udongo, huzipachika moja juu ya nyingine, kisha hukandika na kupaka chokaa. Aliyewahi kukandika ukuta Tanga au Kilifi angeijua kazi hiyo kwa mikono tu.

Nyumba ya familia ya Koepsell, ya mwaka 1858, ingali imesimama katika makumbusho ya Old World Wisconsin, karibu na Eagle. Nyingine nyingi wenyewe walikuja kuzifunika kwa mbao ili kuzuia baridi, na kazi yote ya seremala ikabaki ndani ya ukuta.