Mvumbuzi, Mtafiti na Mtalii: Tahakiki ya Dhana ya Uvumbuzi katika Taaluma za Pwani

Kiswahili kina maneno mengi ya kutajia kazi ya kutafuta elimu, wala hakuna kati yake mawili yaliyo sawa kabisa. Kugundua, kwa matumizi ya zamani, ni kumjia mtu au mnyama ghafla naye hana habari. Kuvumbua ni kukuta kilichofichika, na aghalabu kwa bahati. Kupeleleza ni kazi ya jasusi. Kutafiti kulikuwa na harufu ya udadisi, yaani kuchokora mambo ya watu. Na labda ndiyo sababu taasisi iliyopewa jina jipya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970 iliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, wala haikuitwa ya Utafiti. Kisha liko neno kutalii. Asili yake ni Kiarabu, na kabla ya kuhamia katika mahoteli ya ufukweni lilikuwa na maana ya kusoma kwa makini, kuipitia karatasi ukurasa kwa ukurasa. Mtalii wa maana hiyo ya kale hakuwa mtu wa kamera. Alikuwa msomaji.

Katika taaluma zinazoihusu pwani ya Afrika ya Mashariki, maneno haya yote yamechanganywa na kutiwa katika chungu kimoja, na lililoshinda ni uvumbuzi. Mwanajiografia huvumbua ziwa, mwanafasihi huvumbua mswada, mwanaakiolojia huvumbua mji, na sasa mwanasayansi wa jeni huvumbua nasaba. Neno hili lina kasoro moja kubwa: halina nafasi ya mtu wa pili. Kitu kilichovumbuliwa kilikuwa kimefichika, na aliyekivumbua ni mmoja. Lakini ukiziangalia kwa karibu kazi zenyewe, utaona kwamba karibu kila mvumbuzi alikuwa mtalii wa maana ya zamani, msomaji wa jambo ambalo mtu mwingine alikwisha lijua na kulisema. Aghalabu suala hili hujadiliwa kama suala la haki na adabu, kwamba fulani alinyimwa sifa yake. Hilo ni kweli, lakini si kubwa kuliko yote. Jina la msimulizi linapofutwa, elimu yenyewe huharibika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, iliyowafikia wanajiografia wa London na kujadiliwa huko mwaka 1856. Wamisionari hawa hawakuwa wamefika katika maziwa ya bara. Walichofanya ni kuketi pwani, Rabai, Mombasa na Tanga, na kuwauliza wenye misafara. Kazi hiyo ilikuwa njema, na ingefaa isifiwe zaidi ya inavyosifiwa. Kila waliyemwuliza, awe alianza safari bandari hii au ile, aliwaambia kwamba mwisho wa njia yake ni maji mengi yasiyoonekana ng'ambo. Erhardt akaziunganisha habari hizo zote, akachora ziwa moja refu ajabu, lililopinda mfano wa konokono asiye na gamba. Dhihaka za mabwana wa London hazikukawia.

Yafaa ieleweke hapa kosa lilikuwa la nani. Wasafiri wa pwani hawakukosea. Aliyekwenda kwa njia ya kusini alisema kweli kuhusu Nyasa. Aliyekwenda kwa njia ya katikati alisema kweli kuhusu ziwa la Ujiji. Na aliyezijua habari za Ukerewe alisema kweli kuhusu ziwa la kaskazini. Kosa lilizaliwa pale kauli zao zilipotengwa na majina yao na njia zao, zikawa habari za wenyeji tu, kitu kimoja kisicho na msemaji. Lau kila kauli ingeandikwa pamoja na jina la aliyeitoa, bandari aliyoanzia na siku alizotembea, maziwa matatu yangejitenga yenyewe juu ya karatasi kabla ya mzungu yeyote kufunga mzigo wake.

Thibitisho lake lilipatikana Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857. Burton na Speke walipofika huko walipokewa na Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kimanga aliyezijua njia za bara kwa miguu yake mwenyewe. Ramani ya wamisionari ilipokunjuliwa mbele yake, Sheikh alieleza mara moja kwamba maziwa matatu yamefanywa moja, na kwamba lile la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Speke mwenyewe aliyaandika hayo. Tarehe 3 Agosti 1858 akasimama kusini mwa ziwa hilo la kaskazini, akalipa jina la malkia wake, na vitabu vya shule vikaiweka siku hiyo kuwa ndiyo ya uvumbuzi. Kwa hesabu ya elimu, lakini, siku yenyewe ilikuwa ile ya barazani Kaze, ramani ilipopata msomaji aliyeweza kuisahihisha. Safari ya kaskazini ilikuwa uhakiki wa kauli ya Sheikh Snay. Uhakiki si jambo dogo, ila lina jina lake.

Hata uhakiki huo ulikuwa na mkalimani. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili cha kutosha, na mazungumzo yake yalipitia kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa utumwani Bara Hindi na kujifunza Kihindustani huko. Bombay alisafiri tena na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha akaivuka Afrika pamoja na Cameron hadi pwani ya magharibi. Chama cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani ya fedha. Hakuna kati ya mabwana zake aliyekuwa katika safari zote hizo.

Kuna kisa kingine kifupi kinachofaa kuwekwa kando ya hiki. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro akiwa na kiongozi wake Bwana Kheri wa Mombasa. Alipouliza weupe ule ni nini, jibu alilopata halikupita neno baridi. Huko London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga bara la Afrika, alikataa katika kitabu chake cha mwaka 1852 kwamba kuna theluji karibu na Ikweta. Bwana Kheri hakuwa na neno la theluji, na kwa hiyo hakulitunga. Alisema alichokijua kwa hakika, kwamba mahali pale pana baridi. Katika watu hao watatu, kanuni ya kisayansi ilishikwa vema zaidi na yule ambaye hakuwa na kitabu.

Ukitoka katika jiografia ukaingia katika fasihi, jambo lile lile linarudi kwa sura nyingine. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Humo Sleman bin Mwenyi Chande anasimulia safari yake ya bara, na Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, anasimulia safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani, Bumiller. Wahakiki wengi wamezichukua habari hizi kama ghala la maneno ya Kiswahili cha kale au kama mabaki ya historia ya biashara. Wachache wamezisoma kama maandishi ya uvumbuzi, kwa maana ile ile wanayopewa Burton na Stanley. Na yapo mengi ya kusoma. Salim hasa anaugeuza mwelekeo wote wa fasihi ya safari: Ulaya na Asia ya kaskazini ndizo zinazotazamwa, na pwani ya Kiswahili ndiyo kipimo. Nathari yake ni kavu, haina mapambo, inakwenda siku kwa siku. Na ukavu huo ndio unaomfanya aaminike.

Pamoja na hayo, mhakiki hana budi kuwa macho. Kumpa msafiri Mswahili jina lake hakumfanyi awe mtakatifu. Misafara ya bara ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na jicho la muungwana wa pwani lilipomtazama mtu wa bara mara nyingi lilimwona mshenzi tu, kama vile jicho la Mzungu lilivyomwona yeye. Watu wa bara waliowaonyesha njia hawa wasafiri wa pwani nao hawana majina. Mnyororo wa kufuta majina ni mrefu, na Mzungu hakuwa pete yake ya kwanza.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ni kisa kinachohitaji kitabu kizima. Itoshe kusema kwamba Desturi za Wasuaheli ilipotoka mwaka 1903 ilitembea kwa jina la Velten, na ilingoja hadi tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ya mwaka 1981 ndipo jina la Mtoro likakaa juu ya ukurasa wa kichwa. Miaka 78 ni mingi kwa jina kusafiri kurasa chache.

Upande wa pili uko mfano wa kutia moyo. William Taylor, mmisionari wa Mombasa, alipozikusanya tungo za Muyaka bin Haji mnamo miaka ya 1880, Muyaka alikuwa amekwisha kufa yapata miaka 40. Aliyezihifadhi ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Taylor hakuridhika na shairi tupu. Aliandika pia maelezo ya Mwalimu: neno hili maana yake nini kwa Kimvita, beti hizi zilitungwa kwa kisa gani, zilimlenga nani. Karatasi hizo zimehifadhiwa London. William Hichens aliitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz alipochapisha uchunguzi wake mkubwa huko Nairobi mwaka 1979, aliweza kuyaweka mashairi hayo ndani ya siasa za Mombasa na Mazrui kwa sababu sauti ya Sikujua ilikuwa ingali pale ukingoni mwa karatasi. Ni wazi kwamba mashairi ya majibizano yaliyokatwa visa vyake yangebaki mafumbo matupu. Msimulizi aliyetajwa ni sehemu ya matini.

Katika akiolojia mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mawe hayataji jina la mtu. James Kirkman alianza kufukua Gedi mwaka 1948; Neville Chittick akafanya kazi Kilwa katika miaka ya 1960 na baadaye Manda. Wote wawili walifanya kazi ya kustahiwa. Lakini walielekea kuiona miji hii kama makoloni ya wageni kutoka ng'ambo, na masimulizi ya wenyeji juu ya Washirazi yakatumiwa ama kuthibitisha wazo hilo ama yakawekwa kando. Mark Horton alipofukua Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, aliteremka chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti ya miti iliyotangulia, hadi karne ya 8, katika mji uliokua taratibu mahali pake. Wanaisimu, na hasa Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985, walikuwa wakifikia jambo linalolingana na hilo kwa njia ya sauti na msamiati: lugha ni ya Kibantu, jamii ni ya Kiafrika. Ikaonekana kwamba habari za Shirazi zimekwisha, ni ngano tu za wakubwa waliotaka nasaba tukufu.

Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature likatoa uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya mwaka 1250 hivi na 1800. Katika wengi wao zaidi ya nusu ya urithi ulitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa ya uliobaki ilitoka Asia, na huo hasa kwa wanaume wenye asili ya Uajemi. Kuchanganyika kwenyewe kulianza mnamo mwaka 1000, na urithi wa Kiarabu ulizidi baada ya 1500. Magazeti yakapokea habari hii kwa neno lile lile, uvumbuzi, na wengine wakashangilia kwamba khabari za kale za Kilwa zimethibitishwa na sayansi.

Shangwe hizo zina haraka mno. Watu waliozikwa karibu na misikiti na katika makaburi ya fahari hawawezi kuusemea mji wote, na mkulima wa kiungani hayumo katika hesabu. Wala DNA haielezi kwa nini wana wa wanaume hao walisema lugha ya mama zao, kikamilifu kiasi kwamba maneno ya Kiajemi katika Kiswahili ni machache na mengi yake ni ya bahari, biashara na vyombo. Juu ya hayo, khabari za Kilwa hazikuja kwa matini moja. Kuna ya Kiarabu, kuna muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552, kuna za Kiswahili zilizoandikwa baadaye, nazo hazikubaliani. Kusema kwamba jeni limeithibitisha khabari, pasipo kusema ni khabari ya nani, iliyosimuliwa wakati gani na kwa faida ya ukoo upi, ni kuchora upya ramani ya Erhardt, ziwa moja kwa maji matatu. Kazi ya kuzitenga matini hizo, msimulizi kwa msimulizi, ni ya idara za lugha na fasihi, na sehemu yake kubwa bado haijaguswa.