Neno Lina Mwenyewe

Sisi tunaokaa Kasumbalesa twajua kazi ya mpaka. Malori yenye shaba na kobalti yanapanga mstari mrefu kuelekea Zambia, na mengine yanaingia na mizigo yake. Hakuna linalopita hivi hivi tu. Watu wa forodha, yaani duane kama tusemavyo huku, wanauliza: Mzigo watoka wapi? Mwenyewe ni nani? Karatasi ziko wapi? Dereva asiye na majibu atalala barabarani. Wazee walisema kweli: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini iko mali nyingine inayovuka mpaka, wala hakuna anayeiuliza karatasi. Mali hiyo ni maneno ya watu. Mtaalamu anakuja na daftari lake, anawauliza mama wachuuzi, madereva na wazee. Wanamjibu kwa moyo mweupe, naye anakwenda zake. Sisi wenyewe tulipata kuulizwa hivyo siku moja, mchana mzima. Tuliahidiwa kwamba tutaletewa kitabu. Hatujakiona mpaka leo. Basi, twataka kupima vitabu vichache vya nchi yetu ya Katanga kwa swali lile la duane: Mwenyewe ni nani?

Yafaa tuanze nyumbani mwetu, tusije tukaonekana kama watu wanaofagia kwa jirani na kuacha kwao takataka. Mwaka 1945 kilitoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kitabu cha Padri Placide Tempels, Mfransisko, juu ya filosofia ya Wabantu. Mwaka 1949 kilichapwa tena Paris, kikasomwa duniani. Hatukatai sifa yake. Wakati ambapo wengi walisema kwamba Mwafrika hana fikira za maana, padri huyu alikaa na Waluba wa Katanga, akasikiliza, akaandika kwamba wanayo hekima iliyopangwa vizuri. Hilo lilikuwa tendo la ushujaa.

Walakini, tukikisoma leo twaona pengo. Anayesema humo ni padri. “Wabantu” ni jina la wote, wala si la mtu. Wazee waliomfundisha hawamo juu ya jalada, wala hatupewi mazungumzo yao kamili ili tuyapime. Je, mzee alisema hivyo kweli, au padri ndiye aliyeyapanga hivyo? Hatuwezi kujua. Basi hasara ni mbili: mzee amepoteza heshima yake, na msomaji amepoteza njia ya kuhakikisha ukweli. Hatumhukumu marehemu, maana desturi ya siku zile ilikuwa hiyo. Twasema tu kwamba desturi ile haikuwa njema.

Sasa tutazame kitabu cha pili. Mwaka 1965 hapo hapo Elisabethville watu waliokuwa waboyi katika nyumba za Wazungu walitoa maandiko yao kwa Kiswahili, yakaandikwa na André Yav. Waliyaita kwa Kifaransa “Vocabulaire” ya mji wa Elisabethville, lakini kumbe ni historia: habari za mfalme Msiri, za kuja kwa Wabelgiji, na za taabu za kazi. Wale waliopika chakula na kufua nguo walikuwa wakitazama na kukumbuka yote.

Maandiko hayo yangaliweza kupotea, au kuibwa. Mtaalamu angaliweza kuchota habari zake na kuzitia katika kitabu chake, na kumtaja Yav kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Johannes Fabian, aliyepata kufundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, hakufanya hivyo. Mwaka 1990 alitoa kitabu ambacho jina la André Yav limo katika kichwa chake. Ndani yake aliweka Kiswahili chote jinsi kilivyoandikwa, pasipo kukisahihisha ili kipendeze, kisha tafsiri yake kwa Kiingereza, na maelezo yake mwenyewe kando. Tena Kalundi Mango, aliyeyasoma maandiko kwa sauti ili yaeleweke, maana yaliandikwa jinsi watu wanavyosema, naye ametajwa kwa jina lake. Hivyo msomaji aweza kusema: Haya ni ya Yav, haya ni ya Mango, haya ni ya Fabian. Kila mzigo una karatasi yake.

Vivyo hivyo alifanya mwaka 1996 kwa mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yetu akaieleza kwa kinywa chake. Picha zimo, na maneno yake yamo.

Je, hakuna lawama? Iko. Vitabu hivi vilichapwa mbali, kwa Kiingereza. Sisi wa Katanga twasoma Kifaransa na Kiswahili, na wajukuu wa waboyi wale si wepesi wa kununua vitabu vya Amsterdam. Ni kweli kwamba baadaye maandiko ya Yav yaliwekwa katika intaneti, kila mtu ayasome bure, nasi twashukuru. Lakini kumtaja mtu ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kumrudishia kazi yake pale anapokaa, katika lugha anayoijua.

Labda mtu atasema: Mnalilia majina tu, jina halishibishi. Ndugu, tazama habari ya Yambuku. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliua watu kwenye misioni ile ya Kikatoliki, kaskazini ya Kongo, na masista pia wakafa. Daktari Jean-Jacques Muyembe alitumwa kutoka Kinshasa. Alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, akarudi Kinshasa pamoja na sista mmoja mgonjwa, na damu ya sista ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Kirusi kipya kikaonekana, kikaitwa Ebola. Kwa miaka mingi habari hiyo ilisimuliwa duniani kana kwamba ilianza siku chupa ilipofunguliwa Ulaya. Aliyehatarisha maisha yake alikuwa kama tarishi tu. Siku hizi anatajwa kwa heshima, na mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Hideyo Noguchi. Lakini anayenyimwa jina hunyimwa pia fedha za kazi, vyombo, na wanafunzi wa kumfuata. Basi jina linashibisha.

Tena twafurahi kuona njia ikinyooka. Mwaka 2018 gazeti la wataalamu liitwalo Nature Sustainability lilitoa uchunguzi juu ya kobalti katika miili ya watu wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi. Jina la kwanza juu yake ni la Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzake wa Ubelgiji wanafuata. Ndivyo inavyofaa.

Hatusemi kwamba kila jina litangazwe. Mgonjwa, au mtu aliyesema neno la kumponza kwa wakubwa, ana haki ya kufichwa. Lakini kumficha mtu ili kumlinda ni jambo moja. Kumficha ili kuchukua heshima yake ni jambo lingine. Kuna njia nyepesi ya kupambanua: mwulize mwenyewe.

Mwisho, twageukia watoto wetu wanaosoma Lubumbashi. Twasikia kwamba wako wanaonakili kazi ya mwenzao wa mwaka uliopita na kubadili jalada, na wengine hulipa fedha ili waandikiwe ile kazi ya mwisho wa masomo. Wazazi hufurahi siku ya diploma na hawaulizi. Amri ya saba inakataza wizi, na ya nane inakataza uongo. Kijana huyu amevunja zote mbili kwa karatasi moja. Kesho atakuwa mganga, au mpimaji wa mgodi. Nani atakayeamini vipimo vyake?

Basi, mzazi, mwanao akikuletea kitabu chake, usitazame jina lake tu. Mwulize kama afisa wa duane: Haya umeyatoa wapi? Mwenyewe ni nani? Naye akija nyumbani kuuliza habari za babu yake, aandike kwanza jina la babu, ndipo aandike habari zake.